Namna ya kupima gharama na kipato cha shahada ya hisabati kabla hujajaza fomu

Kila ifikapo Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wanafunzi na wazee wao hunijia na suali lile lile: mtoto amefanya vizuri katika hisabati, je, akaisomee shahada, na akiisomea itamlipa? Suali hilo halina jibu moja linalomfaa kila mtu wa Unguja na Pemba, lakini ipo njia moja ya kulifanyia kazi, na kwa kuwa nimeieleza kwa mdomo mara nyingi mno, nimeona niiandike. Inahitaji jioni mbili za utulivu. Hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, hazizidi zile za skuli ya msingi. Kinachowashinda wengi ni kuandika kila kitu kinachostahili kuhesabiwa, kwani karibu wote hufika wakiwa na tarakimu moja tu mkononi, nayo ni ada.

Nambari za shilingi utakazoziona hapa ni za mfano. Nimeziweka ili uone mwendo wa hesabu, kwa hiyo usizichukue kuwa bei za chuo chochote wala mshahara wa ofisi yoyote. Futa zangu, andika zako.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Tayarisha daftari moja litakalobaki kwa kazi hii peke yake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na kikokotoo cha simu kinatosha. Uwe na matokeo yako ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, pamoja na kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hukitoa kila mwaka. Uwe pia na muundo wa ada wa kila chuo unachokifikiria, ulioandikwa na chuo chenyewe, kwa sababu ada ya kusimuliwa na binamu aliyesoma miaka sita iliyopita haikusaidii. Kama utaomba mkopo, tafuta masharti ya mwaka huu ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, bodi iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2011.

Kitu cha mwisho ndicho kigumu zaidi kukipata, nacho ni watu watatu waliohitimu shahada unayoitaka ndani ya miaka mitano iliyopita na walio tayari kukwambia ukweli. Usichukue watatu waliofanikiwa tu. Mmoja awe amepata kazi ya kudumu, mmoja awe anafundisha skuli binafsi au kwa kujitolea, na mmoja awe bado anatafuta.

Hatua ya 1: Andika jina kamili la shahada unayoipima

"Shahada ya hisabati" ni jina la jumla linaloficha mambo tofauti. Iko shahada ya sayansi na ualimu, ambamo hisabati husomwa pamoja na somo jingine la kufundishia. Iko hisabati yenyewe bila ualimu, iko takwimu, iko takwimu bima, yaani hesabu za kupima hatari na malipo ya bima na pensheni, na siku hizi iko sayansi ya data. Wahitimu wake huanzia milango tofauti, kwa hiyo usizitie katika hesabu moja.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kilichopo Chukwani, ndivyo ambavyo wengi huvitaja wanaposema ualimu wa sayansi. Bara kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma, na kwa takwimu kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, ambacho kipo tangu mwaka 1965. Tangu mwaka 2023 kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, inafundisha Bweleo hapa Unguja, na shahada yake ya sayansi ya data na akili unde ni ya miaka minne. Idadi ya miaka uiandike pembeni ya jina, maana itazidisha karibu kila kitu katika hatua zinazofuata.

Kisha pima kama unaweza kuingia. Katika utaratibu wa TCU alama A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1, na kiwango cha chini cha jumla kwa aliyetoka kidato cha sita ni masomo mawili yenye ufaulu wa kiwango cha juu (principal pass, yaani alama E au zaidi) yatakayokupa jumla ya pointi 4. Hicho ni kizingiti cha mlango wa nje tu. Kila shahada ina sharti lake, na shahada zenye hisabati nyingi kwa kawaida hutaja hisabati yenyewe miongoni mwa masomo yanayotakiwa. Usipoteze jioni yako ukiipima shahada usiyoweza kudahiliwa.

Hatua ya 2: Hesabu gharama ya mwaka mmoja

Chukua mfano wa binti wa Wete, Pemba, aliyepata nafasi ya miaka mitatu ya sayansi na ualimu Unguja, akapanga chumba. Daftari lake la mwaka mmoja linasomeka hivi:

Ada, shilingi 1,500,000.
Chumba, 70,000 kwa mwezi kwa miezi 10, shilingi 700,000.
Chakula kilichozidi kile cha nyumbani, 2,500 kwa siku kwa siku 300, shilingi 750,000.
Daladala, 1,000 kwa siku kwa siku 200, shilingi 200,000.
Boti ya Pemba, safari nne za 35,000, shilingi 140,000.
Vitabu, kopi na bando la intaneti, 30,000 kwa mwezi kwa miezi 10, shilingi 300,000.
Usajili, bima, kitambulisho na michango mingine ya chuo, shilingi 160,000.

Jumla ni shilingi 3,750,000 kwa mwaka.

Mstari wa chakula ndio unaoleta mabishano. Akiwa Unguja anakula kwa 5,000 kwa siku, lakini angebaki Wete pia angekula, na tuseme chakula chake cha nyumbani ni 2,500. Kinachoweza kuitwa gharama ya shahada ni ile 2,500 iliyozidi. Ukiandika 5,000 nzima utakuwa umeibebesha shahada mzigo wa tumbo ambalo lilikuwepo kabla yake. Hata hivyo, fedha taslimu za kutoka mfukoni zitakuwa 5,000, na tutazirejea katika hatua ya 8, kwa hiyo weka tarakimu zote mbili.

Tahadhari: anayekaa kwao Tunguu au Fuoni huandika sifuri mbele ya chumba na boti, na hufanya vyema, lakini asijidanganye kuandika sifuri mbele ya daladala na chakula cha mchana. Aliyepata nafasi katika dahalia ya chuo naye aulize kama malipo yake yamo ndani ya ada au yako nje.

Hatua ya 3: Zidisha kwa miaka, kisha ongeza ya mara moja

Miaka mitatu mara 3,750,000 ni 11,250,000. Ongeza kompyuta mpakato ya 900,000, ambayo kwa mwanafunzi wa takwimu au data si anasa hata kidogo, upate 12,150,000.

Hapa yafaa ufikirie pia uwezekano wa kurudia mwaka. Hisabati ya chuo huwaangusha hata waliokuwa wakiongoza darasa skuli, kwa sababu ile ya kidato cha sita hutaka jibu na ile ya chuo hutaka uthibitisho, na wengi hugundua tofauti hiyo katika mtihani wa kwanza. Sikuiingiza katika mfano, ila nitaonesha katika hatua inayofuata namna ya kuipa bei.

Hatua ya 4: Andika kipato unachokiacha

Binti yetu asingekaa bure miaka hiyo mitatu. Tuseme dukani kwa mjomba wake angepata shilingi 200,000 kwa mwezi mkononi. Miezi 36 mara 200,000 ni 7,200,000, nazo ni gharama ya shahada sawasawa na ada, ingawa hazina risiti. Wazee wengi huukataa mstari huu kwa hoja kwamba fedha ambayo haijapokewa haiwezi kupotea. Huwauliza swali moja tu: je, huyu kijana akienda chuo, duka litamlipa?

Sasa jumla yetu ni 12,150,000 na 7,200,000, yaani 19,350,000.

Na bei ya kurudia mwaka ni hii: gharama ya mwaka 3,750,000, jumlisha kipato cha mwaka kinachoachwa 2,400,000, ni 6,150,000. Ukidhani katika kila wanafunzi kumi wa aina yako mmoja hurudia, ongeza sehemu moja ya kumi, shilingi 615,000. Ile 6,150,000 kamili ndiyo bei ya mwaka wa nne kwa anayelinganisha shahada ya miaka mitatu na ya miaka minne, kama ada zake zinalingana.

Hatua ya 5: Hesabu muda wa kusubiri kazi

Hatua hii ndiyo hurukwa na karibu kila mtu, nami niliiruka. Nilipomaliza nilidhani nafasi itatangazwa, nitaomba, nitaitwa, na mambo yataishia hapo. Nilikaa miezi 16 nikifundisha tuisheni kwenye ukumbi wa nyumba ya shangazi, na katika miezi hiyo nilitumia nauli nyingi kwenda kuuliza habari ambazo wa kuzitoa hakuwepo.

Waulize wale watu wako watatu miezi waliyosubiri tangu mtihani wa mwisho hadi mshahara wa kwanza kuingia benki. Zingatia mshahara wa kwanza, maana baina ya barua ya ajira na fedha mkononi kunaweza kuwa na miezi mingine. Usichukue jibu dogo kuliko yote. Chukua la katikati.

Binti wa mfano wetu tumkadirie miezi 18. Katika muda huo anapata 100,000 kwa mwezi kwa tuisheni, na dukani angepata 200,000, kwa hiyo kila mwezi anapoteza 100,000. Miezi 18 ni 1,800,000. Jumla kuu inafika shilingi 21,150,000. Tazama sasa: ada ya miaka yote mitatu ni 4,500,000, takriban sehemu moja katika tano ya bei halisi. Hicho ndicho kitu ambacho familia nzima hukesha ikikijadili.

Hatua ya 6: Kadiria kipato, kwa mshahara unaofika mkononi

Mshahara unaotajwa kwenye tangazo sio unaofika mkononi. Hukatwa kodi ya mapato na mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na aliyekopa hukatwa marejesho. Mwombe aliyeajiriwa akutajie kilichoingia benki mwezi uliopita kabla ya marejesho ya mkopo, ukiandike hicho.

Baada ya hapo usiandike mshahara mmoja. Andika hali tatu na uzipe uzito kwa watu kumi. Kwa mfano wetu, tuseme wanne kati ya kumi wanapata skuli ya serikali kwa 600,000 mkononi, wanne wanapata skuli binafsi kwa 350,000, na wawili wanabaki na tuisheni iliyokua hadi 200,000. Zidisha na ujumlishe: 240,000, na 140,000, na 40,000, jumla 420,000 kwa mwezi. Hiki ndicho kipato cha kutarajia, na hakuna hata mmoja wa wale kumi atakayekipokea hasa, lakini ndicho cha haki kukitumia kwa mtu ambaye bado hajui ataangukia wapi.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua mshahara wa mtu maarufu katika ukoo aliyesoma hisabati akaishia benki au shirika la kimataifa, kisha kuufanya kipimo cha kila anayeingia. Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kuamini kuwa mwisho wa hisabati ni chaki. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inahitaji watu wa sampuli na sensa. Benki ya Watu wa Zanzibar inahitaji watu wa kupima hatari ya mikopo, Shirika la Bima la Zanzibar na ZSSF wana hesabu za muda mrefu zinazohitaji takwimu bima, na Mamlaka ya Mapato Zanzibar haiishi bila makadirio. Milango hiyo ni ya kweli, ila ni michache kwa idadi ya nafasi, na aghalabu huulizia kitu kingine pamoja na hisabati. Kwa hiyo ukiitia katika hali zako, ipe uzito wa mtu mmoja kati ya kumi, na uwe na sababu ya kuupandisha.

Takwimu bima inastahili onyo lake. Shahada peke yake haikufanyi mtakwimu bima kamili. Baada yake kuna mfululizo wa mitihani ya kitaaluma, kama ile ya taasisi ya Uingereza au ya Marekani, inayolipiwa kwa fedha za kigeni na kuchukua miaka. Anayeipima shahada hiyo aiweke mitihani katika hatua ya 3.

Hatua ya 7: Gawanya

Linganisha kipato cha kutarajia na kile ambacho ungepata bila shahada katika wakati huo huo, si cha leo. Binti akiwa dukani kwa miaka minne na nusu huenda mjomba amempandisha hadi 250,000. Tofauti ni 420,000 kutoa 250,000, yaani 170,000 kwa mwezi.

Gawanya 21,150,000 kwa 170,000. Jibu ni miezi 124 na ushei, miaka 10 na miezi 4 hivi tangu siku ya kazi ya kudumu. Ukihesabu tangu siku aliyopanda boti kwenda chuo ni karibu miaka 15. Kwa mtu wa miaka 20 atakayefanya kazi hadi 60, hiyo bado ni biashara yenye faida, lakini ni faida ya subira, na familia inayotarajia mtoto aanze kusomesha wadogo zake mwaka mmoja baada ya mahafali ni bora iujue ukweli huo mapema.

Shilingi zote ziandike kwa thamani ya leo pande zote mbili. Ukipandisha mishahara ya baadaye kwa kudhani itaongezeka, pandisha na ya duka pia.

Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja kimoja

Hapa ndipo daftari linapoanza kukusemesha. Rudia mgawanyo, kila mara ukibadilisha tarakimu moja tu na kuziacha nyingine zilivyo, uone ipi inauvuta mwaka wa kurudisha fedha na ipi haigusi kitu.

Chuo chenye ada pungufu kwa 500,000 kila mwaka: gharama inashuka hadi 19,650,000, na muda unapungua kwa miezi 9 hivi.

Tuisheni wakati wa masomo: wanafunzi wanne kwa 20,000 kila mmoja kwa miezi 9 ni 720,000 kwa mwaka, 2,160,000 kwa miaka mitatu. Gharama inashuka hadi 18,990,000 na muda unapungua kwa karibu miezi 13, zaidi ya ile punguzo la ada. Hisabati ina neema hii ambayo shahada nyingi hazina, kwamba mwanafunzi wake huanza kulipwa kwa anachokijua hata kabla hajamaliza, kwa kuwa haukosi mtaa wenye mzazi anayehofia hisabati ya kidato cha nne. Angalia tu usifike wanafunzi kumi na tano, ukarudi nyumbani saa nne usiku na kuanza kurudia masomo yako mwenyewe.

Kusubiri miezi 6 badala ya 18: gharama inakuwa 19,950,000. Mgawanyo unatoa miezi 117 tu, lakini kwa kuwa kazi imeanza mwaka mzima mapema, siku ya kurudisha fedha inawahi kwa miezi 19.

Ujuzi wa pili: tuseme binti amejifunza kwa dhati kuandika programu, au uhasibu, au kuchambua takwimu kwa kompyuta, na kwa sababu hiyo kipato cha kutarajia kimepanda kutoka 420,000 hadi 520,000. Tofauti inakuwa 270,000, na 21,150,000 kwa 270,000 ni miezi 78. Miaka mitatu na miezi kumi imeondoka.

Ndiyo maana ninapoulizwa chuo gani ni rahisi, hujibu kwa kuuliza utaambatanisha nini na hisabati yako. Shilingi 100,000 ya mwezi iliyoongezwa upande wa kipato imeshinda punguzo la theluthi ya ada kwa zaidi ya mara tano, nayo haitoki chuoni peke yake. Hutoka katika likizo, katika mafunzo kwa vitendo, na katika uamuzi wa kuchagua somo la hiari la takwimu badala ya lile lenye mtihani mwepesi. Chagua pa kufanyia mafunzo kwa vitendo kana kwamba unaomba kazi, maana wengi wa wale waliosubiri miezi michache huwa walishafahamika mahali fulani kabla ya kuhitimu.

Sasa andika kalenda ya fedha taslimu, kwani hesabu inaweza kukubali na mfuko ukakataa. Kwa mwezi wa kwanza binti anahitaji nusu ya ada 750,000, michango 160,000, kodi ya chumba ya miezi mitatu 210,000, boti 35,000 na chakula kamili cha mwezi 150,000, jumla 1,305,000, na kompyuta ikinunuliwa hapo hapo ni 2,205,000. Familia ya Pemba inayotegemea karafuu hupata fedha zake kwa mkupuo wakati wa msimu, na mikarafuu haizai sawa kila mwaka, hali ya kuwa chuo hudai kwa muhula bila kuuliza hali ya shamba. Bibi yangu wa Mtambwe alikuwa akitenga fedha ya ada siku ya kuuza karafuu, kabla gunia halijakauka jasho la mchukuzi, na hakuna kanuni ya uhasibu niliyoisoma baadaye iliyonisaidia kuliko hiyo. Tenga mihula miwili kwa mpigo, usitenge mmoja.

Hatua ya 9: Tia mkopo mahali pake

Mkopo hauongezi gharama uliyokwisha kuihesabu, unaihamisha tu wakati. Ukiwa umeandika ada katika hatua ya 2, kisha ukaandika tena marejesho ya mkopo uliolipia ada ile ile, umehesabu mara mbili. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha zaidi kuliko yote.

Kinachobadilika ni fedha ya mwezi. Kwa waliokopa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Bara, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwa mshahara wa msingi wa 700,000 ni shilingi 105,000 kila mwezi. Deni la 7,500,000 litachukua miezi 71 kwa kiwango hicho, karibu miaka sita. Mshahara wa mkononi uliokuwa 600,000 utasomeka 495,000. Anayekopa bodi yetu ya Zanzibar asome kiwango cha makato katika mkataba wake mwenyewe kabla ya kutia saini.

Wanaouliza kuhusu riba, na ni wengi kwetu, wajue kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikitozwa na bodi ya Bara ilifutwa mwaka 2021. Kwa hukumu yenyewe ya kisheria muulize mwenye elimu ya fiqhi akiwa na mkataba mkononi, usimuulize kwa maneno ya kusikia.

Yanapokukwama

Hesabu inaonesha tofauti ya kipato ni ndogo mno au sifuri. Kwanza angalia kama umelinganisha mshahara wa mkononi kwa mshahara wa mkononi, maana mara nyingi upande mmoja huwa umeandikwa kabla ya makato. Ikiwa tarakimu ni sahihi, pengine una kazi nzuri tayari, na kwako huenda stashahada ya jioni ikafaa zaidi kuliko kuacha kazi.

Muda wa kurudisha fedha umezidi miaka 15. Rudi hatua ya 8 na ubadilishe vitu viwili kwa pamoja, tuisheni na ujuzi wa pili, kabla hujaikata shahada. Ukibaki juu ya miaka 15 hata hapo, pima shahada nyingine kwa njia hii hii.

Watu wako watatu wamekupa majibu yanayopingana. Hilo ni jambo jema, ndiyo sababu ya kuwauliza watatu. Fanya hesabu mara mbili, moja kwa jibu baya kabisa na moja kwa zuri, na uamue kama unaweza kuishi na lile baya.

Umepangiwa mkopo pungufu ya ulioomba. Usiende kuripoti chuoni kwa matumaini kwamba pengo litajazika lenyewe. Andika pengo la muhula wa kwanza na wa pili, ulipeleke kwa wazee pamoja na jina la kila mtu aliyeahidi na kiasi alichoahidi, na ukikosa kufika hata nusu, uliza chuo utaratibu wa kuahirisha masomo mwaka mmoja kabla hujalipa chochote. Aliyepata alama za juu sana katika sayansi afuatilie pia ufadhili wa masomo wa serikali uitwao ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi bora wa sayansi wa kidato cha sita.

Uko mwaka wa pili tayari na ndio kwanza unafanya hesabu hii. Fedha iliyokwisha kulipwa usiiandike tena, kwa sababu ukiendelea au ukiacha hairudi. Andika gharama zilizobaki tu, zilinganishe na kipato kile kile, na utaona karibu kila mara kwamba kumaliza kunalipa haraka kuliko kuanza upya kwengine. Nguvu zako zielekeze kwenye ujuzi wa pili na kwenye mahali utakapofanyia mafunzo kwa vitendo likizo ijayo, na barua ya kuomba nafasi hiyo ipeleke miezi mitatu kabla.